Ngome ya Mombasa: mgeni tuliyemwita akabaki na ufunguo

Wandugu, leo sileti siasa. Naleta matembezi ya familia, na historia ambayo ile matembezi ilinilazimisha kuifungua tena. Nilipata lisansi yangu katika historia, lakini lazima nikubali kwamba mtoto wa miaka tisa ndiye aliyenionyesha kwamba nilikuwa nimeisoma vibaya.

Papa mudogo wangu anafanya biashara ya vitenge na vyombo vya nyumbani. Mzigo wake unashuka bandarini Mombasa, unapanda lori, unavuka Kenya, unavuka Uganda, unaingia Goma. Wengi wenu munaijua ile njia hata kama hamujaipita: sehemu kubwa ya vitu munavyonunua Goma, Butembo, Beni na Bunia vimepita pale. Wakati wa likizo ya mwezi wa 12 alikuwa na mzigo wa kutoa, akasema mara hii twende wote: yeye, mke wake, watoto wao wawili, mama yangu na mimi. Siku moja hakukuwa na kazi bandarini. Tukachukua chapati, maji na machungwa, tukaenda kuona ile ngome ambayo watu wa pale wanaiita tu Ngome, na ambayo kwenye vitabu inaitwa Fort Jesus.

Mombasa mjini ni kisiwa. Ngome iko upande wa mashariki, juu ya mwamba, inatazama mlango ambao meli zilikuwa zinaingilia bandari ya zamani. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, ndefu na nene, rangi ya udongo mwekundu uliofifia. Tulipofika mlangoni yule mtoto mkubwa wa papa mudogo akasoma jina kwenye kibao, akamgeukia mama yangu.

«Mama mukubwa, Yesu alikaaka humu?»

«Hapana,» mama akajibu. «Banamutaja tu.»

Tukacheka. Lakini mtoto hakucheka. Akauliza la pili: «Basi hii nyumba ni ya nani?»

Nilifungua mdomo nijibu kama msomi: «Ya Wareno.» Papa mudogo, ambaye anakuja Mombasa tangu zamani, akasema: «Hapana, ya Waarabu.» Mke wake akasoma kwenye tiketi: «Ya serikali ya Kenya.» Wote tulikuwa na haki kidogo. Tulitumia saa tatu mle ndani tukijaribu kumjibu yule mtoto, na ninyi nitawapa jibu kwa mpangilio.

Vasco da Gama alifika Mombasa mwezi wa 4 mwaka 1498. Mombasa haikumpokea vizuri. Akaendelea kaskazini mupaka Malindi, na kule sultani akampa chakula, heshima na rubani wa kumvusha bahari mupaka India. Kwa nini Malindi ilimpokea? Juu Malindi na Mombasa zilikuwa zinashindana kwa biashara, na Mombasa ilikuwa na nguvu zaidi. Sultani wa Malindi aliona watu wenye mizinga, akafanya hesabu: hawa watanisaidia juu ya jirani yangu. Mombasa ikachomwa na kuporwa mwaka 1505, tena 1528, tena 1589. Baada ya hapo mtawala wa Malindi akahamishiwa Mombasa kama sultani. Ndoto ya ukoo wake ilitimia. Na mwaka 1593 rafiki zake Wareno wakaanza kujenga ngome, kwa ramani ya Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Wakati ule taji la Ureno lilikuwa kwenye kichwa cha mfalme wa Hispania, Philip wa Pili. Waliipa jina la Yesu.

Sasa angalia. Sultani alipata kiti na sehemu ya ushuru wa bandari. Lakini nahodha Mreno ndiye alipata ngome. Sultani anatawala mji, na mizinga iliyo juu ya mji si yake.

Haikuchukua muda mrefu. Sultani Hassan bin Ahmad akagombana na nahodha wa ngome, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa kule. Kichwa chake kikapelekwa Goa, India, makao makuu ya Wareno. Huyu alikuwa wa ukoo ule ule uliomkaribisha Vasco da Gama. Waswahili wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mwenyeji hakupona.

Hapa ndipo tulikaa kwenye kivuli tukala machungwa, na nikawasimulia habari ya mtoto wake, juu inatuhusu sisi wasomi moja kwa moja.

Hassan aliacha mtoto mdogo, Yusuf. Wareno wakampeleka Goa. Mapadri wa shirika la Mtakatifu Augustino wakamlea, wakamsomesha, wakambatiza Dom Jerónimo. Akajifunza lugha yao, silaha zao, adabu zao za mezani. Baadaye wakamrudisha Mombasa kuwa mfalme, mfalme wa kwanza Mkristo wa mji ule. Walidhani wamejitengenezea mtu wao.

Fikirini maisha yake. Kwa watu wa Mombasa alikuwa mgeni, anakula na kuvaa kama Mreno. Kwa nahodha wa ngome alikuwa mtu mweusi mwenye taji la kuazima. Inasimuliwa kwamba alionekana akiomba kwa desturi ya Kiislamu kwenye kaburi la baba yake, na kwamba nahodha alipopata ile habari akapanga kumshika na kumpeleka Goa ahukumiwe. Mwezi wa 8 mwaka 1631, wakati wa sikukuu ya Maria kupalizwa mbinguni, Yusuf aliingia ngomeni na watu wake kana kwamba amekuja kusalimia. Akamuua nahodha, Pedro Leitão de Gamboa. Ngome ikawa mikononi mwake.

Yule mtoto alifurahi hapo. «Alishinda!»

Ilinibidi nimalize. Yusuf alirudi kwenye Uislamu, akawataka Wakristo wa mji wafanye vile vile. Waliokataa waliuawa, Wareno na Waafrika, wanaume, wanawake na watoto. Mama yangu ni Mkatoliki wa misa ya saa kumi na mbili asubuhi. Alinyamaza, akafanya ishara ya msalaba. Mwaka uliofuata Wareno walikuja na meli kuichukua ngome, wakashindwa. Lakini Yusuf aliona hataweza kukaa, akavunja alichoweza, akapanda meli akaenda. Alimaliza maisha yake akipigana baharini, na akafa mwaka 1638 upande wa Bahari ya Shamu. Wareno wakarudi kwenye ngome tupu. Juu ya mlango bado kuna maandishi ya mwaka 1635 ambayo nahodha mwingine alijisifia jinsi alivyoitengeneza ngome na kuitiisha pwani.

Zamani nilikuwa nafundishwa kumwona Yusuf kama shujaa, au kama msaliti, kulingana na nani anafundisha. Siku ile nilimwona kama kijana aliyesomeshwa na watu waliomuua baba yake, akarudi na elimu kubwa, na hakuna hata upande mmoja uliomwamini. Alijua kuichukua ngome kwa usiku mmoja. Hakujua afanye nini nayo asubuhi.

Tuendelee. Watu wa Mombasa walikuwa wamechoka na Wareno. Wakafanya nini? Wakatuma wajumbe Oman. Waomani walikuwa wamewafukuza Wareno Maskati mwaka 1650, kwa hiyo walikuwa na sifa: hawa wanaweza. Wakaja. Mwezi wa 3 mwaka 1696 wakaizingira Ngome, na mazingiwa yakaendelea mupaka mwezi wa 12 mwaka 1698. Karibu miaka mitatu.

Ndani kulikuwa na askari wachache wa Kireno na mamia ya watu wa pwani waliokuwa upande wao. Risasi iliua kidogo. Ugonjwa uliua wengi. Mwezi wa 8 mwaka 1697 nahodha wa ngome akafa, na ngome ya mfalme wa Ureno ikabaki mikononi mwa Bwana Daud wa Faza, mji mdogo wa kisiwa cha Pate, pamoja na watu 17 wa ukoo wake, wanaume Waafrika 8 na wanawake Waafrika 50. Hao ndio walishika ulinzi wa kuta mupaka meli za msaada zilipofika mwezi uliofuata.

Pale tulisimama wote. Mke wa papa mudogo aliuliza mara mbili: wanawake 50? Ndiyo. Kwenye vitabu vya zamani yale mazingiwa ni vita vya Wareno na Waarabu. Lakini kwa wiki kadhaa, walioizuia ngome ile isianguke walikuwa Waafrika, na wengi wao wanawake. Bwana Daud ana jina. Manahodha wana majina. Wale wanawake wana hesabu tu: 50. Sisi tunaotoka sehemu ambako wafu wanaandikwa kwa hesabu, tunajua maana ya kubaki namba.

Tarehe 13 mwezi wa 12 mwaka 1698 Waomani wakapanda kuta. Waliobaki hai ndani walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Siku chache baadaye meli za Wareno kutoka Goa zikatokea baharini, zikaona bendera ya Oman juu ya Ngome, zikageuka.

Je, Mombasa ikapata ngome yake? Hapana. Sasa ikawa na gavana na askari kutoka Oman. Mwaka 1728 watu wa pwani, wakiongozwa na sultani wa Pate, waliwachoka Waomani kiasi kwamba wakawaita nani? Wareno! Wareno wakarudi Ngomeni, wakasahau waliyopaswa kujifunza, na mwaka 1729 watu wa Mombasa wenyewe wakawafukuza, mara hii kabisa.

Halafu Waomani wakarudi. Ukoo wa Mazrui, uliowekwa kuitawala Mombasa kwa niaba ya Oman, ukajitangazia uhuru katika miaka ya 1740, wakati ukoo mpya wa Busaidi uliposhika madaraka Oman. Wamazrui wakaishi Ngomeni, wakaoa mjini, wakawa watu wa pale. Lakini Seyyid Said wa ukoo wa Busaidi alitaka Mombasa irudi kwake. Mwaka 1824 Wamazrui, wakiwa wamebanwa, wakapandisha bendera ya Waingereza juu ya Ngome, bendera waliyoishona wenyewe! Nahodha Owen wa jeshi la majini la Uingereza akakubali kuwalinda. Mwaka 1826 serikali yake ikakataa yale makubaliano, bendera ikashuka. Mwaka 1837, baada ya Wamazrui kugawanyika wao kwa wao, Seyyid Said akaichukua Ngome, na wakuu wao wakakamatwa na kupelekwa uhamishoni.

Huyu Seyyid Said msimuache hapo Mombasa, juu anatuhusu. Yeye ndiye aliyehamishia makao yake Zanzibar, na misafara iliyotoka kule wakati wake na wa watoto wake ndiyo iliyofika Maniema. Tippu Tip, Nyangwe, Kasongo: pembe za ndovu na watumwa walitoka kwetu kwenda pwani, na Kiswahili ninachoandika hapa kilikuja kwetu kwa njia ile ile. Papa mudogo aliposikia hivyo akasema: «Kumbe ile barabara ya mizigo yangu ni ya zamani.» Ndiyo, Papa. Zamani mizigo ilikuwa watu.

Waingereza walirudi bila kuitwa na Mazrui. Mwaka 1875 meli zao ziliipiga Ngome mizinga kwa sababu kamanda wake alikuwa amemwasi sultani wa Zanzibar, rafiki yao. Mwaka 1895 wakaitwaa pwani kama eneo la ulinzi wao, na Ngome ikawa gereza mupaka mwaka 1958. Halafu ikafanyiwa ukarabati kwa msaada wa mfuko wa Gulbenkian wa Ureno, ikawa makumbusho, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia.

Neno lenyewe, gereza, wataalamu wengi wanasema limetoka kwenye neno la Kireno lenye maana ya kanisa, igreja. Ndani ya ngome za Wareno kulikuwa na kanisa. Ngome ikaitwa kwa jina la kanisa. Baadaye ngome ikafungiwa watu. Hivi tukisema Goma kwamba fulani yuko gereza, tunasema neno lililotoka kwenye kuta kama zile.

Tulipofika kwenye chumba chenye michoro ya ukutani, michoro ya meli na samaki ambayo askari Wareno waliichora wakati wa zamu zao, ndipo ubishi ulianza.

Mimi nilisema: munaona? Malindi iliwaita Wareno juu ya Mombasa. Mombasa ikawaita Waomani juu ya Wareno. Pate ikawaita Wareno juu ya Waomani. Mazrui wakawaita Waingereza juu ya Busaidi. Kila mara aliyeitwa alikuja kweli, alimpiga adui kweli, halafu akabaki na ufunguo. Na sisi? Mwaka 1996 tulishangilia majeshi ya Rwanda na Uganda yaliyokuja pamoja na AFDL kumwondoa Mobutu. Mwezi wa 5 mwaka 1997 wakaingia Kinshasa. Mwezi wa 7 mwaka 1998 Laurent-Désiré Kabila akawaambia askari wa kigeni warudi kwao. Mwezi wa 8 vita vikaanza upya. Mwezi wa 6 mwaka 2000 yale majeshi mawili yakapigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya Kisangani, siku sita, na waliokufa walikuwa raia wetu. Nikamaliza kwa sauti ya mtu anayetetea tezi yake: wazee wetu walifanya kosa la Malindi.

Papa mudogo hakupenda. «We ulikuwa wapi mwaka 1996? Miye nilikuwa Goma. Mobutu alikuwa ametumaliza, askari bake bakipora mpaka milango ya nyumba. Mutu anazama mumaji, unataka aulize mukono ni wa nani?»

Nilitaka kujibu, lakini sikuwa na jibu. Alikuwa na haki. Sultani wa Malindi hakuwa mjinga. Mombasa ilikuwa inamkaba kweli. Watu wa Mombasa waliokwenda Oman hawakuwa wajinga. Wareno walikuwa wamewachoma mara tatu na kumkata kichwa sultani. Ni rahisi kwangu, mwenye diplome na mgongo ulioegemea ukuta wenye kivuli, kuwahukumu watu waliokuwa wanazama.

Mama ndiye aliyetutoa pale. Alikuwa kimya muda mrefu, akiwa ameshika mkono wa mtoto mdogo. Akasema: «Kuita mutu haiko kosa. Nyumba ikiungua utaita hata jirani mubaya alete maji. Kosa ni kumwachia akajenga kwako mbele hamujaongea atatoka lini. Na kosa kubwa zaidi: bale ba Malindi na bale ba Mombasa, haba si balikuwa banasema luga moja?»

Ndiyo, Mama. Lugha moja, dini moja, wameoana. Chini ya mizinga yote ile, Wareno hawakuwahi kuwa wengi pale. Kabla ya 1593 hakukuwa na hata jiwe moja la ile ngome. Nafasi ya kuijenga ilipatikana kati ya miji miwili ya ndugu.

Tangu siku ile nimebadilisha namna ya kuisoma hii historia, na hata ya kwetu. Zamani nilikuwa nauliza: nani alimwita mgeni? Ni swali linalotafuta msaliti, na msaliti anapatikana kila mara, kawaida ni wa kabila lingine. Sasa nauliza maswali mengine mawili. La kwanza: tulikuwa tumekosana juu ya nini kiasi kwamba mgeni alionekana bora kuliko ndugu? Malindi na Mombasa walikosana juu ya ushuru na bandari. Sisi ni juu ya ardhi, juu ya machimbo, juu ya nani ni mwenyeji. La pili: tulipopata msaada, makubaliano yalisema nini? Ngome ni ya nani vita vikiisha? Askari watarudi tarehe gani? Nani anakusanya ushuru wa bandari? Hayo si mashairi. Ni kazi ya watu waliosoma sheria, uchumi, historia. Ni kazi yetu, na hatutaifanya vizuri kama kila mmoja wetu anaikalia diplome yake ndani ya kundi la kabila lake.

Tulitoka saa kumi na moja, jua likipungua. Papa mudogo alinunua kahawa kwa muuzaji mwenye birika la shaba, akanipa kikombe cha kwanza, na hivyo nikajua hajakasirika tena. Yule mtoto alikuwa bado na swali lake. Akalirudia: basi ni ya nani?

Nilimwambia: iliyojengwa na Wareno, ikachukuliwa na Waarabu, ikafanywa gereza na Waingereza, na inatunzwa na Wakenya.

Akafikiri kidogo. «Na bale bamama makumi tano?»

Sikuwa nimewaweka kwenye orodha. Wandugu, nimesoma historia miaka mitano, na nilikuwa nimewataja mwenyewe saa mbili kabla, na bado nikawasahau kwenye jibu. Nikamwambia ndiyo, ni yao pia. Sasa ninawaandikia ninyi ili safari ijayo nisiwasahau, na ili atakayekwenda Mombasa kwa mizigo au kwa matembezi, akipita chini ya zile kuta, awahesabu.